Mzungu wa Kazi

Wako wanafunzi wadhanio ya kuwa mtu akiisha kujua kusoma na kuandika, jembe na msumeno si kazi yake tena. Apelekwapo shamba la shule hukunja uso, kana kwamba ameadhibiwa. Basi sikilizeni habari za Alexander Mackay, mtu mwenye elimu kubwa na mikono yenye sugu.

Alizaliwa Scotland mwaka 1849, mwana wa mchungaji. Alijifunza ufundi wa mitambo Edinburgh, kisha akafanya kazi Berlin. Mwaka 1876 alikuja Afrika pamoja na wenzake, wametumwa na Church Missionary Society kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Yeye hakuwa kasisi, alikuwa fundi. Mwaka 1877 aliwaongoza watu kukata njia toka Saadani hata Mpwapwa, yapata maili 230, kwa mashoka na majembe. Alipofika ziwani mwaka 1878 aliikuta mashua yao, jina lake Daisy, imeharibika, akaitengeneza. Hata walipokuwa safarini, dhoruba ikaivunja tena. Mackay akakata kipande cha kati, apate mbao za kuziba mbele na nyuma. Mwezi wa Novemba akafika Buganda.

Huko kulima ilikuwa kazi ya wanawake, na kazi nyingine nzito ziliachiwa watumwa. Mwungwana hakuonekana akitoka jasho. Mackay akafanya kiwanda chake Natete, karibu na mji wa Kabaka, na watu wakaja kustaajabia jiwe lake la kunolea likizunguka. Vijana watumishi wa Kabaka nao wakaja, lakini wao walitaka kusoma. Walimkuta penye moto wa kufulia chuma. Hakuwafukuza, wala hakuiacha kazi. Hapo hapo kiwandani waliyatamka maneno, naye akiwasikiliza. Hata herufi za kupigia chapa alizichonga kwanza kwa mti, kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1882 mama yake Mutesa akafa, na Kabaka akataka azikwe kwa fahari isiyopata kuonekana. Mackay akaombwa afanye jeneza. Si moja, bali matatu, moja ndani ya jingine, na mojawapo la shaba. Kazi ile ilimshika siku nyingi. Labda mtu atauliza, Je, ilifaa mhubiri kuziacha sala na vitabu vyake, apige misumari katika sanduku la maiti? Mimi naona ya kuwa hakuziacha sala. Paulo alipokuwa Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Priskila, wala Injili haikupunguka kwa sababu ya sindano. Tena watu wa kwao Bwana wetu walipotaka kumdharau walisema, Huyu si yule seremala? Walidhani wamemvunjia heshima. Kazi tuliyoichagua wenyewe hutupendeza upesi. Bali kuitenda vema kazi ya kupewa, wala hatutazamii sifa, huko ndiko kumtumikia Mungu kwa mwili wote, si kwa midomo tu. Na vijana wale wa Natete, waliozoea kumwona mkubwa ameketi, walimwona mwalimu wao ameinama.

Watu wakampa jina, wakamwita Mzungu wa Kazi.

Mwaka 1887 Kabaka Mwanga alimtoa katika nchi yake. Mackay akavuka ziwa, akakaa Usambiro, upande wa kusini, akaanza tena kwa misumeno na nyundo. Wenzake wa Ulaya walimsihi arudi kwao apumzike, asikubali. Alikuwa akiunda mashua na mtambo wake wa mvuke, na baada ya kazi za mchana akifasiri Injili ya Yohana kwa Kiganda. Homa ikamshika, na tarehe 8 Februari 1890 akafa, mwenye umri wa miaka 40. Mtambo ulikuwa haujakwisha, wala tafsiri ilikuwa haijafika mwisho.