Uthabiti wa Baiskeli, Ikiegeshwa na Ikiendeshwa: Maswali na Majibu

Wilaya ya Dima wa Tayyin, katika Mkoa wa Sharqiyah Kaskazini nchini Oman ambao makao yake makuu ni Ibra, imekaa ndani ya milima ya Hajar ya Mashariki, kwa hiyo ardhi tambarare huko si nyingi, na baiskeli hukutana mara kwa mara na miteremko, kokoto za wadi na lami iliyopashwa moto na jua la kiangazi. Majibu yafuatayo yanaeleza uthabiti wa baiskeli, yaani uwezo wake wa kubaki wima au kurudi wima baada ya kusukumwa, kwa kuzingatia mazingira ya aina hiyo.

Kwa nini baiskeli huanguka ingawa stendi yake ni nzima?

Kila kitu kina kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wake wote unaweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika hapo, na kitu kilichotulia hubaki kimesimama mradi mstari unaoshuka wima kutoka kwenye nukta hiyo uangukie ndani ya eneo linalozungukwa na sehemu zinazogusa ardhi. Kwa baiskeli yenye stendi ya mguu mmoja, eneo hilo ni pembetatu nyembamba, ambayo pembe zake mbili ni mahali magurudumu yanapogusa ardhi na ya tatu ni ncha ya stendi, iliyojitenga na mstari wa magurudumu kwa kiasi cha shubiri moja hivi. Baiskeli tupu hutulia ndani ya pembetatu hiyo bila taabu. Lakini dumu la lita 20 likijazwa maji na kufungwa kwenye karia, huongeza kilo 20, uzito unaoweza kuzidi ule wa baiskeli nzima, na kitovu cha uzito hupanda juu kiasi kwamba mwinamo mdogo unatosha kuutoa mstari huo nje. Mara nyingi hulaumiwa fundi aliyefunga stendi, ilhali kosa ni la mzigo au la mahali palipochaguliwa.

Iegeshwe vipi penye mteremko?

Stendi nyingi za pembeni hukunjwa kwa kurudishwa nyuma, na zikishushwa huzuiwa zisipite mbele ya nafasi yake. Kutokana na umbo hilo, baiskeli ikibingirika mbele hata kidogo, ardhi huishika ncha ya stendi huku baiskeli ikiendelea, stendi ikajikunja na baiskeli ikalala chini. Ikivutwa nyuma, stendi husukumwa kwenye kizuizi chake na kukaza. Kwa hiyo gurudumu la mbele lielekezwe kwenye mwinuko, na mkono wa breki ufungwe kwa kipande cha tyubu kuukuu ili gurudumu lisizunguke kabisa. Kuegesha kwa kukingama mteremko hakufai kwa upande wowote: stendi ikiwa upande wa chini, baiskeli hulala kupita kiasi, na ikiwa upande wa juu, husimama wima mno hata upepo ukaweza kuiangusha.

Lami nayo haiaminiki saa za mchana wa kiangazi, kwa kuwa joto huilainisha, na ncha ya stendi, ambayo huukusanya uzito kwenye eneo dogo sana, huzama taratibu. Jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya ncha hiyo huusambaza uzito na kuliondoa tatizo.

Stendi ipi inafaa zaidi, ya mguu mmoja au ya miguu miwili?

Kwa mzigo, ya miguu miwili, bila shaka, kwa sababu huinua gurudumu la nyuma na kuiweka baiskeli wima juu ya msingi mpana. Ya mguu mmoja inamtosha asiyebeba kitu.

Ni nini kinachoiweka wima ikiwa inakwenda?

Hapa ndipo penye elimu kubwa, na ndipo maelezo yaliyozoeleka yanapokosea. Hudaiwa kwamba magurudumu yanayozunguka hukataa kupinduliwa, na kwamba hiyo peke yake ndiyo sababu. Tabia hiyo ipo na inasaidia, lakini mnamo mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walichapisha katika jarida la Science habari za baiskeli ndogo ya majaribio ambayo athari ya kuzunguka kwa magurudumu ilifutwa kwa magurudumu mengine yanayozunguka kinyume, nayo bado ilijirudisha wima yenyewe.

Kiini cha jambo ni usukani. Baiskeli ikianza kuangukia kushoto, usukani hugeukia kushoto, na magurudumu yakarudi chini ya kitovu cha uzito, kama mtu aliyesimamisha bakora kiganjani anavyouhamisha mkono kufuata upande inakoangukia. Mhandisi wa Uskochi, William Rankine, alikwisha kuandika juu ya jambo hili mwaka 1869. Kinachostaajabisha ni kwamba umbo la baiskeli nzuri huugeuza usukani hivyo hata bila mikono: katika hesabu zilizochapishwa mwaka 2007, baiskeli ya mfano ilijisawazisha yenyewe kati ya takriban kilomita 15 na 22 kwa saa.

Kwa nini basi hupepesuka kwenye mwinuko mkali?

Kwa sababu kasi ikipungua, magurudumu huchelewa kufika chini ya uzito, na mpandaji hulazimika kuugeuza usukani zaidi na mara nyingi zaidi. Hali hiyo huonekana hata kwa mabingwa wa Tour of Oman, mashindano yaliyoanza mwaka 2010, wanapoupanda Jabal Akhdar katika Mkoa wa Dakhiliyah, ambako barabara huinuka kwa zaidi ya asilimia 10 kwa wastani.

Je, vigurudumu vya pembeni humfundisha mtoto kuendesha?

Havimfundishi. Huizuia baiskeli isilale, na baiskeli isiyolala haimpi mtoto nafasi ya kujifunza kugeuza usukani upande anaoangukia, jambo ambalo ndilo msawazo wenyewe. Chukudu ya Goma, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa kwa mguu, haina pedeli hata moja, nayo hubeba mizigo mizito ikishuka vilima, ushahidi kwamba msawazo hautoki kwenye pedeli. Mzazi avifungue vigurudumu hivyo, ashushe kiti mpaka nyayo zote mbili za mtoto ziguse chini, aondoe pedeli, na achague uwanja mgumu wenye mteremko mdogo, mbali na kokoto za wadi. Pedeli ya kulia hufunguliwa kwa kuzungusha spana kinyume cha mshale wa saa, kama skrubu ya kawaida. Ya kushoto hufunguliwa kwa kuifuata mishale ya saa, na anayeilazimisha upande mwingine huikaza.