Tunavyoweza Kuanza Mazungumzo na Mgeni Mtandaoni



Wengi wetu tukikutana na mtu tusiyemfahamu mtandaoni huanza kwa njia mojawapo kati ya mbili: "Mambo" isiyofuatwa na neno lingine, au hoja ndefu ya kumkosoa. Ya kwanza inamwacha akijiuliza tunataka nini, ya pili inamfanya ajihami. Katika makala hii tunaeleza kwamba mazungumzo mema huanza pale tunapokubali kuwa mgeni ana jambo la kutuambia ambalo hatulijui.

1. Mgeni ni mtu

Mwanafalsafa Martin Buber, katika kitabu chake Ich und Du (1923), alitofautisha uhusiano wa Mimi na Wewe na ule wa Mimi na Kitu. Simu huturahisishia huu wa pili. Tunaona jina na picha ndogo tu, kwa hiyo tunayajibu maandishi na kumsahau aliyeyaandika.

2. Yesu alianza kwa kuomba

Penye kisima cha Yakobo (Yn 4), Yesu aliyechoka kwa safari alimwomba maji mwanamke Msamaria. Mwanamke akashangaa, akauliza, na mafundisho kuhusu maji ya uzima yakafuata. Mtume Paulo naye, alipohutubia Areopago (Mdo 17), alianzia kwenye altare ya Waathene wenyewe, aliyoiona alipokuwa akitembea mjini mwao.

3. Kwa vitendo

Tusalimie, tujitambulishe, tutaje kilichotufanya tuandike, kisha tuulize swali moja. Tuseme mtu ameandika kwamba aliacha kusali tangu mama yake alipofariki. Tukimtumia vifungu vya Katekisimu tutakuwa tumejibu jambo ambalo hakuuliza. Afadhali tuandike: "Habari za leo. Ninasoma falsafa seminarini. Nimesoma ulichoandika kuhusu mama. Pole sana. Kama hutajali, ni nini kilichokuwa kigumu zaidi kwako wakati ule?"

Tukumbuke pia kwamba wengi wamekwisha kupokea ujumbe wa matapeli, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mgeni ana haki ya kutushuku. Tusimwombe fedha, picha wala namba ya simu, na asipojibu tusimsumbue.

4. Pingamizi

Mtu atasema: je, si wajibu wetu kuufundisha ukweli? Ni wajibu wetu. Yesu hakumficha Msamaria ukweli kuhusu maisha yake, ila alimsikiliza kwanza. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho (na. 22), anataka Mkristo awe tayari kuyapokea maneno ya mwenzake kwa maana njema, na asipoyaelewa amuulize. Tusipouliza, huenda tukasahihisha kosa ambalo mwenzetu hana, naye akaondoka na jeraha lake.

Swali la kutafakari: katika ujumbe tuliomwandikia mgeni wiki hii, tulimuuliza nini ambacho kweli tulitaka kukijua?