WAZEE WA KANISA NA WASHIRIKA
Somo: Matendo 6:1-7; 1 Timoteo 5:19-20



Mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulifurika hapa Uvira, nyumba nyingi zikabebwa. Tulikuwa watoto, lakini tunakumbuka: katika kanisa moja waligawa unga, wajane wengine hawakupata. Walipouliza, mzee mmoja akajibu kwamba anayesema wazee anasema Mungu. Wakanyamaza. Kinyongo kikabaki.

1. Kuuliza si uasi. Kule Yerusalema wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwafokea. Waliita mkutano wote.

2. Washirika walichagua, mitume wakaweka mikono. Walichaguliwa watu saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Ni kusema, inaonekana kazi ilipewa upande ule uliolia.

3. Mshirika naye ana mpaka. Paulo anamkataza Timoteo kupokea mashitaka juu ya mzee bila mashahidi wawili ao watatu. Lakini wakosaji wakemewe mbele ya wote. Basi tuache maneno ya njiani, twende kwa mzee mwenyewe.

Sisi viongozi wa wanafunzi tunaandika majina ya wenye kelele, na tukiulizwa tunakasirika. Somo hili linatupiga sisi kwanza.

Maswali:
a) Kwenu nani anahesabu sadaka, na nani anasomewa hesabu?
b) Mjane akisahauliwa, ataenda kwa nani?