Minyoo ya Paka: Dawa ya Mbuzi Haimfai

Mji wa Lamu unajulikana kwa paka wake. Wako barazani, wako sokoni samaki wanapoparwa, wako juu ya marundo ya mchanga wa ujenzi yaliyoachwa vichochoroni. Wengi wao hawana mwenyewe mmoja. Hulishwa na mtaa mzima. Kwa hivyo minyoo ya paka huwahusu hata wakaazi wasiofuga paka, hasa wenye watoto wadogo.

Watu wengi husema paka hupata minyoo kwa kula matumbo ya samaki. Njia kubwa ni nyingine. Ile minyoo mirefu myeupe inayofanana na tambi, kitoto cha paka huipata kwenye maziwa ya mama yake, hata kabla hakijaanza kutembea. Tegu humpata paka anapojilamba akameza kiroboto, au anapokula panya. Safura hupenya ngozi ya miguu, au humezwa.

Kitoto chenye minyoo mingi huwa na tumbo kubwa na mgongo mwembamba, na manyoya yake hukosa kung'aa. Chenye safura hupungukiwa damu, na ukimfunua mdomo utaona ufizi umepauka. Tegu hujionyesha kwa vipande vidogo kama punje za mchele, vilivyoganda chini ya mkia au pale paka anapolala.

Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Mwenye paka hukumbuka kuwa kuna dawa ya mbuzi iliyobaki kwenye chupa, akakadiria kwa macho, akamnywesha. Dawa nyingi za mbuzi zina levamisole. Kwa paka, kipimo kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno: akizidishiwa kidogo hutokwa na mate, hutetemeka, na huweza kukata pumzi. Albendazole nayo, ambayo watu hunywa wenyewe, huweza kuharibu uboho wa mifupa ya paka, mahali damu inapotengenezwa. Kuivunja tembe vipande hakuifanyi iwe ya paka.

Kwenye duka la dawa za mifugo, ulizia dawa ya paka na usome pakiti. Pyrantel huua minyoo ya tambi na safura, lakini haigusi tegu. Praziquantel ndiyo ya tegu. Zipo tembe zenye zote mbili. Kipimo hufuata kilo, kwa hivyo paka apimwe kwanza. Asiye na mizani nyumbani anaweza kumtia paka kikapuni na kumpima dukani kwenye mizani ya nafaka, kisha apunguze uzito wa kikapu. Tembe hufichwa ndani ya kipande cha samaki. Paka mjanja atakula samaki aitemee tembe pembeni, basi mtazame mpaka ameze. Akitoa minyoo kwenye kinyesi siku inayofuata, usishtuke. Dawa imefanya kazi.

Vitoto huanza dawa vikiwa na wiki 2 au 3, kisha kila baada ya wiki 2 mpaka vifikishe wiki 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Mama yao apewe pamoja nao, la sivyo ataendelea kuvinyonyesha minyoo. Paka mkubwa anayezurura apewe kila baada ya miezi 3. Kitoto kilicholegea au kinachohara damu kipelekwe moja kwa moja kwa daktari wa mifugo, kisipewe kitu nyumbani.

Tegu akirudi baada ya wiki chache, si lazima dawa iwe mbovu. Viroboto wamebaki. Fua matandiko anayolalia na utafute dawa ya viroboto ya paka. Ile ya mbwa yenye permethrin usimpake kabisa, kwani ni sumu kwake.

Kuhusu watoto: mayai ya minyoo ya tambi yaliyo kwenye kinyesi kibichi bado hayaambukizi. Huhitaji kama wiki 2 hadi 4 kukomaa, na yakishakomaa hukaa mchangani miezi mingi. Mtoto akiyameza, viluwiluwi huzunguka mwilini na mara nyingine hufika kwenye jicho na kudhuru uwezo wa kuona. Kwa hivyo kinyesi cha paka kikiondolewa kila siku kwa jembe au mfuko na kufukiwa mbali na uwanja wa kuchezea, hatari nyingi huondoka nacho. Rundo la mchanga wa ujenzi lifunikwe kwa turubai usiku.

Viluwiluwi vya safura havisubiri muda huo wote. Huwa tayari baada ya wiki moja hivi, na hupenya nyayo za anayetembea peku. Mtoto mwenye mstari mwekundu unaojipinda chini ya ngozi ya mguu, unaowasha sana na kusogea siku hadi siku, apelekwe zahanati. Tiba yake ipo.