SARATANI YA TAYA KWA WATOTO: HUWAPATA NANI, NA WAPI

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Miembeni wanaarifiwa habari za saratani ya tezi iitwayo Burkitt. Ulimwenguni kwa jumla ni maradhi adimu, bali katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria ni miongoni mwa saratani zinazowapata watoto zaidi.

Jina hilo ni la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, ambaye mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili, juu na chini. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari karibu kilometa 16,000 hadi Afrika ya Kusini, wakiuliza kila hospitali kama uvimbe huo umepata kuonekana. Majibu yalichora ramani: maradhi yalikuwapo penye joto na mvua nyingi, yakakosekana kwenye milima yenye baridi. Ramani hiyo ililingana na ile ya malaria. Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa, uvimbe huo ulikuwa nadra, ingawa joto na mvua hazikupungua huko.

Mwaka 1964 wataalamu wa London waligundua kirusi ndani ya uvimbe uliotoka Uganda. Kirusi hicho huenea kwa mate, na karibu watoto wote wa Afrika hukipata wakingali wadogo; basi peke yake hakitoshi. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayoudhoofisha mwili usiweze kukizuia.

Wagonjwa wengi ni wa umri wa miaka 4 hadi 9, na wavulana ni takriban maradufu ya wasichana. Bukoba, kwa mvua yake na kuwa chini ya mita 1,500, imo ndani ya ukanda huo.

Dalili ya awali huwa ni meno kulegea au shavu kuvimba, na wazazi wengi (si ajabu) hudhani ni jino bovu. Uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Wiki moja ya kung'oa meno na kungoja ni nyingi mno. Huweza pia kuanzia tumboni. Dawa za sindano huwaponya watoto wengi wanaowahi. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, apimwe kipande cha uvimbe, na aombewe rufaa ya Bugando, Mwanza.