Nani Ana Ruhusa ya Kufungua Kazi Kwenye Ramani ya Simu?

Pampu ya kisima ikikwama Namboboto, siku hizi habari inaweza kufika ofisini kabla aliyekwenda kuteka hajarudi nyumbani na mtungi mtupu. Afisa wa nyanjani anasimama kando ya kisima, anafungua ramani kwenye simu, anagusa mahali aliposimama, anaandika kwamba pampu haitoi maji, anapiga picha na kutuma. Ofisini nukta mpya inatokea kwenye ramani. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza na swali linalofuata: je, nukta hiyo ni taarifa tu, au tayari ni kazi ambayo fundi anapaswa kuiendea, kwa mafuta ya pikipiki na vipuri vya pesa za umma?

Taarifa ni neno la mtu aliyeona jambo. Kazi ni agizo. Ina mtu aliyepangiwa, ina siku ya kukamilika, na mwishowe ina malipo. Programu za ramani za nyanjani, kama vile ArcGIS Field Maps, QField, ODK na KoboToolbox, zinaweza kubeba yote mawili. Lakini programu haijui ni nani katika wadi anayestahili kutoa agizo. Hilo huamuliwa na watu, na uamuzi huo huwekwa kwenye mipangilio ambayo mkazi haioni kamwe, ingawa ndiyo inayoamua kisima kipi kitengenezwe kwanza.

Wakenya waliijua tofauti hii mapema. Ushahidi, jukwaa lililoundwa Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, liliruhusu mwananchi yeyote kutuma habari ya aliyoyaona na kuiweka kwenye ramani. Hata hivyo, habari kutumwa lilikuwa jambo moja na kuthibitishwa lilikuwa jambo jingine. ODK nayo ilianza mwaka huo huo katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na miongoni mwa waliokuwa wa kwanza kuitumia ni AMPATH ya Eldoret, ambayo wahudumu wake walizunguka nyumba kwa nyumba magharibi mwa Kenya wakiwa na simu badala ya karatasi. Katika mfumo wa ODK mkusanyaji wa habari anaweza kutuma fomu bila kuwa na ruhusa ya kusoma fomu zilizotumwa na wenzake.

Hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Ruhusa si moja. Kuna ruhusa ya kuona, ya kuongeza, ya kubadilisha na ya kufuta, na kila moja inaweza kutolewa au kuzuiwa peke yake. Fundi wa maji anaweza kupewa ruhusa ya kuona kazi alizopangiwa na kubadilisha hali yake, kutoka "imepangiwa mtu" hadi "inaendelea" hadi "imekamilika", bila ruhusa ya kuongeza kazi mpya. Msimamizi wa wadi anaweza kupewa ya kuongeza. Ya kufuta ni heri wapewe wachache kabisa, kwa sababu kazi iliyofutwa haiachi alama ambayo mwananchi anaweza kuiulizia. Kazi isiyohitajika tena iandikwe "imesitishwa" na ibaki ilipo.

Kwa nini fundi asijifungulie kazi mwenyewe, naye ndiye yuko pale? Sababu ya kwanza ni ya kawaida tu. Simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea mahali kwa takriban mita 5, na zaidi chini ya miti. Maafisa wawili wakisimama kwenye kisima kimoja kwa siku tofauti, ramani itaonyesha nukta mbili, na ofisi inaweza kudhani ni visima viwili. Pasipo na mtandao mambo huzidi. Programu hizi hufanya kazi hata bila intaneti, kwani ramani hupakuliwa mapema na habari hukaa kwenye simu hadi mtandao upatikane. Kwa hiyo wawili wanaweza kufungua kazi ile ile asubuhi moja bila kuonana kwenye ramani, kisha zote mbili zikaingia jioni. Mafundi wawili watatumwa, mmoja atakuta pampu imeshatengenezwa, na mafuta yamekwisha.

Sababu ya pili ni nyeti zaidi. Tuseme fundi analipwa kwa idadi ya kazi, na ana ruhusa ya kufungua kazi, kujipangia na kuifunga. Hapo hakuna mtu mwingine aliyeona chochote. Hata akiwa mwaminifu, atatengeneza kile kilicho njiani mwake, au cha jamaa yake, kabla ya kile cha mlima wa mbali. Kanuni iliyo nzuri ni kwamba aliyefungua kazi asiwe ndiye anayeifunga, na picha ya kabla na ya baada ziwe sharti.

Lakini kufunga milango yote nako ni hatari, na ofisi nyingi hukimbilia huko kwa sababu ni rahisi. Afisa asiye na njia yoyote ya kuingiza alichokiona atanyamaza, au atapiga simu kwa rafiki ofisini, na kazi itafanyika bila rekodi. Mto Nzoia ukifurika Budalangi, hakuna anayetaka mtu angoje idhini ya Busia ndipo aandike kwamba barabara imekatika. Kwa hiyo ruhusa itolewe kwa aina ya kazi. Mafuriko, waya wa stima ulioanguka au kalvati lililobebwa na maji: afisa yeyote wa nyanjani afungue kazi papo hapo, na ofisi ikague baadaye. Pampu, taa ya soko au ukarabati wa darasa la chekechea: afisa atume taarifa, na msimamizi aigeuze kuwa kazi baada ya kuhakikisha haijaandikwa tayari.

Kitaalamu jambo hili si gumu. Kumbukumbu moja ya kazi inaweza kufunguliwa milango miwili, mmoja wa wafanyakazi wa nyanjani wenye ruhusa ya kubadilisha tu, na mwingine wa wasimamizi wenye ruhusa ya kuongeza. Wote wanaangalia ramani ile ile. Kosa linalotokea mara kwa mara ni la kuficha kitufe. Fomu ya simu inatengenezwa bila kitufe cha "ongeza", kila mtu anaridhika, kumbe kwenye seva ruhusa ya kuongeza bado iko wazi. Mtu mwenye akaunti ile ile akiingia kwa programu nyingine au kwa kompyuta, anaongeza atakavyo.

Jingine ni nywila ya pamoja. Mfumo huandika aliyefungua kazi, saa aliyoifungua na aliyeigusa mwisho. Rekodi hiyo haina maana ikiwa vibarua sita wanaingia kwa akaunti moja, maana jina litakalosomeka ni moja. Kila mtu awe na akaunti yake, na ifungwe siku anapoacha kazi au simu inapopotea.

Iko pia njia ambayo watu wengi wa Samia wamekwisha kuiona bila kuijua. Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, wakapewa vifaa na simu zenye mfumo uitwao eCHIS. Humo si mhudumu wala mkubwa wake anayefungua kila kazi. Mhudumu anasajili boma, anaandika kwamba mama ni mjamzito, na mfumo wenyewe unatoa kazi ya kumtembelea tena kwa kufuata kanuni zilizowekwa. Upendeleo hupungua, ingawa jicho sasa lazima lielekezwe kwa aliyeandika kanuni. Na kwa kuwa habari za ugonjwa na za nyumba ya mtu ni siri yake, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka zikusanywe zile tu zinazohitajika. Mwenye kazi ya kurekebisha pampu hana sababu ya kuona ni boma lipi lina mgonjwa.

Mpakani kuna mtego wa ziada. Kuna Busia mbili na Malaba mbili, na sehemu ya Mto Sio ndiyo mpaka wenyewe. Kosa la mita chache linaweza kuweka kazi ya Kenya upande wa Uganda. Ruhusa ya kufungua kazi ifungwe ndani ya mipaka ya wadi kwenye ramani, na afisa asitegemee jina la mahali peke yake.

Mkazi anayetoa habari kwa afisa wa nyanjani ana mambo machache ya kuuliza palepale. Je, nilichosema kimeingia kama taarifa au kama kazi? Namba yake ni ipi? Nani anaweza kuigeuza kuwa kazi, na lini? Akikosa jibu, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi iamue ombi lake ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika anaweza kulieleza kwa mdomo, na afisa ndiye atakayeliandika na kumpa nakala. Ombi likikataliwa, anaweza kuliomba lipitiwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman.