Nakula Dagaa, Nalipia Sato

"Shangazi, mimi ni dada wa miaka 27, mzaliwa wa Ukerewe, nafanya kazi katika ofisi moja katikati ya jiji la Mwanza. Idarani tuko saba, na kila Ijumaa tunakwenda kula mchana pamoja. Tulipoanza tulikuwa tunakula kwa mama lishe mmoja nyuma ya ofisi, sahani 2,500, kila mtu anatoa chake mfukoni. Mwaka jana wenzangu wakaanza kutafuta sehemu nzuri zaidi, tukahamia migahawa ya kando ya ziwa. Huko bili inakuja moja, tunaigawa kwa saba. Mimi naagiza ugali dagaa na maji, jumla 5,000. Wenzangu wanaagiza sato mzima, kuku, juisi na soda juu yake. Ijumaa iliyopita bili ilikuwa 98,000, nikatoa 14,000. Mshahara wangu ndio mdogo kuliko wote, na nyumbani namsomesha mdogo wangu. Mara tatu nimesingizia kazi nyingi ili nisiende, dada mmoja akasema siku hizi naringa. Nikiacha kabisa nitapitwa, maana habari za safari na nafasi mpya nazisikia palepale mezani. Halafu mkuu wetu mara nyingi hana chenji. Ananiambia 'nilipie, nitakurushia', kisha anasahau. Niache kwenda, au niendelee kunyamaza? Mla Dagaa, Mwanza."

Shangazi ameisoma barua hii mara mbili, mara ya pili akiwa na kalamu na karatasi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Dada huyu anakula cha 5,000 na kutoa 14,000, kwa hiyo 9,000 inaishia kwenye sahani za wenzake. Kwa mwezi wenye Ijumaa nne ni 36,000, fedha ambayo ingemlisha ugali dagaa uleule Ijumaa saba na chenji ikabaki. Juu yake kuna deni la mkuu, ambalo mwandishi wa barua hakutaja kiasi chake, pengine kwa sababu ameacha kulihesabu.

Kabla ya ushauri, atuliwe mzigo mmoja: huyu si bahili. Mwaka 2004 jarida la The Economic Journal la Uingereza lilichapisha jaribio la Uri Gneezy na wenzake wawili, lililofanyika katika mgahawa mmoja huko Haifa, Israel. Watu waliketishwa sita sita. Walioambiwa kila mmoja atalipa chake waliagiza vyakula vya shekeli 37 kwa wastani. Walioambiwa bili itagawanywa sawa walifika shekeli 51. Waliokuwa wanalipiwa kila kitu wakapanda hadi 82. Na walipoulizwa wanapendelea utaratibu upi, wengi walichagua kila mtu alipe chake.

Yaani hata wanaoagiza sana si lazima wawe na roho mbaya. Kwenye meza ya watu saba, juisi ya 3,000 inamgharimu aliyeiagiza kama 430 tu. Iliyobaki inabebwa na wale sita. Kwa bei hiyo nani atakunywa maji? Mpango wenyewe ndio unaomsukuma mtu kuongeza, na anayejizuia ndiye anayeumia kuliko wote.

Kwa mama lishe nyuma ya ofisi shida hii haikuwapo, na sababu yake inafaa kutazamwa. Jina la zamani la kina mama hawa, mama ntilie, linatokana na maneno ya mteja mwenyewe: mama, nitilie. Mmoja anatiliwa wali maharage, mwingine ugali na samaki, mwingine anaomba mchuzi uongezwe. Mama ameshika upawa na macho yake yako kwa kila mtu. Anajua nani kaongeza kipande cha nyama na nani kachukua soda kwenye ndoo ya maji baridi. Biashara yake ni ya sahani moja moja, na malipo yake ni ya mtu mmoja mmoja. Wale saba walipohamia kando ya ziwa hawakubadilisha viti na mandhari tu. Walibadilisha namna ya kulipa bila mtu yeyote kuulizwa, na dada huyu akajikuta amekubali kwa kukaa kimya.

Wakabadilisha na samaki. Ziwa ni lilelile, lakini bei zake hazikai pamoja. Sato anayeuzwa leo kwa wingi na sangara ni wageni waliopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950. Viwanda vya Mwanza vilipoanza kusafirisha minofu ya sangara kwenda Ulaya, miaka ya 1990, jiji lilijifunza kumgawa samaki mmoja kwa mifuko mingi: minofu ilipanda ndege, mabondo yakapata soko lake Uchina, na mifupa yenye nyama kidogo ikaangukia kwenye makarai ya mafuta ikiitwa mapanki. Sato naye, anapoletwa mzima na kachumbari pembeni, ni chakula cha kumwonyeshea mgeni. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola. Kwa uzito, dagaa ndio wanaoongoza katika samaki wanaovuliwa ziwani, na wakikaushwa huuzwa kwa makopo na magunia pale Mwaloni Kirumba, ambako wanunuzi hufika hata kutoka Kongo. Mtu anayeagiza dagaa Mwanza hajajishusha. Ameagiza chakula cha nyumbani kwa bei ya nyumbani, ila bili ya pamoja inamgeuzia dagaa wake kuwa sato asiyemwona.

Je, kugawana sawa ni kosa? Hapana. Kuna mahali pake, na mahali pake ni kwenye sinia. Ugali mmoja ukiwekwa katikati, bakuli la samaki pembeni, na mikono yote ikifika palepale, mchango sawa ni haki, kwa sababu chakula ni kimoja. Tatizo la meza ya Ijumaa ni kwamba sahani zimetengana huku malipo yamebaki ya sinia.

Watu wa Mwanza wana mfano wao wa jambo hili, nao haukutoka mgahawani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa kanda hii walikuwa wakilalamika kwamba wanunuzi wanawaibia kwenye mizani. Wakaungana, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, na mwaka 1955 vyama vyao vikakutana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake hapahapa Mwanza. Bomani baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Umoja ule haukuifuta mizani, ulitaka iwe ya kweli. Kila mkulima alipimiwa pamba yake na kulipwa kwa uzito aliouleta, kisha akabaki mwanachama kama wengine. Kwa hiyo dada huyu akisikia mtu anasema "kulipa kila mtu chake ni uzungu," anaweza kumkumbusha pamba.

Sasa afanye nini. Asiseme neno Ijumaa bili inapoletwa. Wakati huo watu wameshiba, kila mmoja anaikwepa ile karatasi, na hoja yoyote itasikika kama lawama. Aseme Jumatano au Alhamisi, tena kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo awe yule dada aliyemwambia anaringa. Shangazi hamchagui kwa mzaha. Kati ya wote sita, huyo ndiye aliyeona kwamba kiti kiko wazi. Maneno yawe machache: "Dada, siringi. Bili ya kugawana imenishinda. Ijumaa hii nataka nilipe changu peke yake, naomba uniunge mkono nikisema." Asipambe na asieleze mshahara wake. Akimpata mmoja wa kuitikia "hata mimi", shauri limekwisha nusu, na Shangazi hatashangaa wakitokea watatu.

Wakifika mgahawani, amwambie mhudumu kabla ya kuagiza, wote wakisikia: "Dada, naomba yangu uiandike pembeni." Sentensi hiyo wahudumu wanaisikia kila siku. Mahali penye lipa namba ukutani ni rahisi zaidi, kwa sababu kila mtu anabonyeza simu yake na hakuna anayekuwa mtunza hazina wa meza.

Hapo ndipo anapoingia mkuu. Simu anayoahidi kurushia hela ndiyo hiyohiyo inayoweza kulipa palepale, kwa hiyo "sina chenji" haina tena miguu. Akiombwa tena, dada huyu ajibu kwa heshima na bila kusema uongo: "Mkuu, leo nina ya kwangu tu." Kwa deni lililopo, ampelekee ujumbe wa faragha asubuhi, asithubutu kuuweka kwenye kundi la WhatsApp la idara: "Shikamoo mkuu. Naomba kukukumbusha ile hela ya chakula ya Ijumaa, nimebanwa kidogo na ada ya mdogo wangu." Aanze na deni la karibuni, ambalo muamala wake bado uko kwenye simu na kiasi chake hakina ubishi. Likilipwa, ndipo ataje la kabla yake.

Kuhusu hofu ya kupitwa na habari, Shangazi anaipa uzito. Mwaka 2015 Kevin Kniffin wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha utafiti kuhusu askari wa zimamoto katika jiji moja kubwa la Marekani, wakaona kwamba vikundi vinavyokula pamoja vilipewa alama za juu zaidi za utendaji na wasimamizi wao. Kula pamoja kuna kazi yake, na ndiyo maana ushauri wa safu hii si kuacha kwenda. Lakini askari wale huchanga, wakapika na kula chakula kimoja. Wamerudi kwenye sinia.

Hilo nalo linawezekana Mwanza. Ijumaa moja ya mwezi, watu saba wakubaliane 7,000 kila mmoja kabla ya kutoka ofisini, kisha mgahawa uambiwe mapema: tuna 49,000, tupangieni sangara wa rosti wa kutosha watu saba, ugali mkubwa na mboga. Anayetaka juisi aiongeze kwa hela yake. Ijumaa nyingine warudi kwa yule mama nyuma ya ofisi, ambako pia hawatapoteza muda kwenye bajaji. Na kama idarani kuna Mwislamu anayewahi swala ya Ijumaa, Alhamisi ingekuwa siku ya haki zaidi kwa wote.

Mkuu huyo, ikiwa gazeti hili limefika mezani kwake, anaombwa jambo moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inampa mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano mapumziko yasiyopungua dakika 60. Muda huo ni wa mfanyakazi. Anaweza kuutumia kando ya ziwa akila sato, au chini ya mti akila viazi alivyotoka navyo nyumbani. Habari za safari na nafasi mpya zikitangazwa wakati wa sato, aliyekosa nauli na bili amekosa na tangazo. Ziandikwe ubaoni, au zisemwe kwenye kikao cha Jumatatu asubuhi wote wakiwapo.

Huenda Ijumaa ya kwanza kukawa na utani. Mtu atasema "leo mwenzetu ana bili ya VIP." Acheke nao, aendelee kula. Utani wa namna hiyo huchoka haraka mtu anapouzoea, na wiki ya tatu pengine ataona mwingine naye ameomba yake iandikwe pembeni, hasa tarehe zikiwa zimekwenda na mshahara bado haujaingia.

Limebaki la dagaa wenyewe. Wavuvi wake hufuata giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi hupumzika, dagaa wabichi wakaadimika na bei ikapanda. Kwa hiyo Ijumaa ya mbalamwezi apige simu mgahawani mnamo saa nne asubuhi, awekewe sahani yake. Wakimwambia wameishiwa, aulize bei ya kichwa cha sangara kabla hajavuta kiti.